Orodha, Sharti na Waliobaki Nje

Mlandege ni kata ya mjini Iringa. Kama ilivyo katika kata zote za Tanzania, mambo mengi ya wakazi wake hupita kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: daftari la awali la wapiga kura, majina ya watoto waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza, kaya maskini zilizoingia kwenye mpango wa msaada wa TASAF, walioitwa kwenye usaili. Watu hufika, hunyoosha kidole na kukishusha mstari kwa mstari. Anayeliona jina lake huondoka bila kusema neno. Asiyeliona huanza tena kutoka juu, humwita mwenzake mwenye macho mazuri, na mwishowe hubisha hodi kwa mtendaji. Historia hii inamfuata huyu wa pili. Inaanzia mbali kidogo, kabla ya kompyuta yoyote, kwa sababu kompyuta zilizokuja kuchagua majina zilitanguliwa na wazo lenye umri mkubwa kuliko zenyewe.

Mwaka 1901 Mwingereza Bertrand Russell aligundua kasoro iliyowakosesha usingizi wanahisabati. Ukimruhusu mtu ataje sharti lolote, kisha adai kwamba vitu vyote vinavyolitimiza ni kundi halali, anaweza kukuundia kundi linalojikana lenyewe. Mwaka 1908 Mjerumani Ernst Zermelo, akiwa Göttingen, alitoa dawa: sharti peke yake haliundi kitu. Lazima kwanza uwe na kundi mkononi, ndipo utumie sharti kuchagua baadhi ya waliomo. Kwa lugha ya mtaani, hewa haichujwi.

Mwaka huo Iringa ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, miaka kumi tangu Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, afe. Serikali ya kikoloni ilikuwa na orodha zake: kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na pasipo orodha ya nyumba hakuna kodi. Sidhani kama karani yeyote wa boma alipata kusikia jina la Zermelo, lakini kanuni yake aliifuata kila siku. Orodha kwanza, kisha sharti: nani amelipa, nani bado.

Kuchuja kwa mashine kulikuwa kumeanza mapema zaidi, Marekani, katika sensa ya 1890. Herman Hollerith alimgeuza kila mwananchi kuwa kadi yenye matundu, na kila tundu likawa jibu la swali moja: umri, jinsia, mahali alikozaliwa. Kadi iliyokuja kuenea duniani, ile ya IBM ya mwaka 1928, ilikuwa na safu 80. Mashine ya kuchambua iliisoma safu moja tu kwa wakati mmoja. Karani aliielekeza kwenye safu, tuseme ile ya mkoa, akaweka mtumba wa kadi, na mashine ikazidondosha moja moja kwenye mifuko kulingana na tundu lilipo. Ukitaka wanaume wa Iringa wenye umri wa miaka 37, huwezi kuuliza mara moja. Unapitisha kadi kwa mkoa, unauchukua mfuko wa Iringa na kuupitisha tena kwa jinsia, kisha kwa tarakimu ya kwanza ya umri, kisha kwa ya pili. Kila sharti ni safari moja ya mtumba.

Mashine za aina hiyo zilikuwa na mifuko 13. Kumi na miwili ilikuwa ya matundu, kwa kuwa kila safu ilikuwa na nafasi 12. Wa 13 ulikuwa wa kadi zisizo na tundu lolote kwenye safu inayosomwa. Mtu ambaye karani alisahau kumtoboa umri hakuhesabiwa miongoni mwa vijana wala miongoni mwa wazee. Alilala mfuko wa 13. Fundi mzuri alijulikana kwa jinsi alivyokumbuka kuufungua mfuko huo kabla ya kwenda nyumbani.

Tanzania iliupokea utaalamu huo kupitia Hazina. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500. Iliuzwa na kampuni ya Uingereza, International Computers and Tabulators, ingawa kwa asili ilikuwa mashine ya Wamarekani wa RCA iliyobadilishwa jina. Kampuni hiyo ya Uingereza ilikuwa mrithi wa mafundi wa kadi za matundu, na hata jina lake liliwataja. Kazi yake Dar es Salaam ilikuwa ya kihasibu: mishahara, malipo, hesabu za serikali changa iliyokuwa imetoka tu kuungana. Mwalimu wa shule ya msingi huko Kilolo au Mufindi hakuwahi kuiona, ila kwa namna fulani alikuwa ndani yake.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya wakubwa kuingiwa na mashaka. Mashine ziligharimu fedha za kigeni, ziliwategemea wataalamu wa kigeni, na hesabu za Hazina zikatoka na vurugu zilizoigharimu serikali. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Wako wanaolicheka tukio hilo leo kana kwamba lilikuwa woga wa washamba. Mimi silicheki. Nchi iliyolipa fedha nyingi kwa orodha isiyoweza kuihakiki yenyewe ilikuwa na haki ya kurudi kwenye daftari la mkono, ambalo angalau karani wake alikuwa na jina na meza.

Ila wakati huo haukuwa mzuri wa kufunga mlango. Mwezi Mei wa mwaka huohuo 1974, kwenye mkutano uliofanyika Ann Arbor, Michigan, vijana wawili wa IBM kutoka San Jose, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, waliwasilisha lugha waliyoiita SEQUEL. Miaka minne kabla, mwenzao Edgar Codd alikuwa amependekeza kwamba taarifa zote zihifadhiwe kama majedwali ya kawaida, yenye mistari na safu, na kwamba mtumiaji aseme anachotaka bila kueleza njia ya kukipata. Chamberlin na Boyce waliligeuza wazo hilo kuwa sentensi ya vipande vitatu: chagua safu hizi, kutoka jedwali hili, ambapo sharti hili ni kweli. Safari zote za mtumba wa kadi zikaingia katika kipande hicho cha tatu. Wanaume wa Iringa wenye miaka 37 wakawa swali la mstari mmoja. Boyce hakuyaona matunda yake. Mshipa wa kichwani ulipasuka, akafa Juni 1974, mwezi mmoja tu baada ya mkutano. Lugha yenyewe ikafupishwa jina kuwa SQL, na leo karibu kila mfumo wa mishahara, wa benki na wa hospitali unaizungumza.

Mfuko wa 13 nao ulihamia humo. Codd aliamua kwamba mahali palipo wazi kwenye jedwali pasiwe sifuri wala neno tupu, pawe na alama maalumu ya kutojulikana. Ukiuliza kama tarehe isiyojulikana iko kabla ya mwaka 2004, jibu la SQL haliwi ndiyo wala hapana. Linakuwa jibu la tatu, haijulikani, na kipande cha "ambapo" hupitisha ndiyo peke yake. Matokeo yake huwashangaza hata wazoefu. Omba orodha ya walioajiriwa kabla ya tarehe fulani, kisha omba ya walioajiriwa tarehe hiyo au baada yake, ukijumlisha mbili hizo hupati idadi ya wote. Waliokosa tarehe wameanguka pande zote mbili, kimya, bila onyo lolote kwenye skrini. Mashine ya kadi ilikuwa na heshima zaidi, maana mfuko wake uliokataa ulionekana kwa macho.

Marufuku ya 1974 ililegea taratibu katika miaka ya 1980, kompyuta ndogo za mezani zilipoanza kupenya ofisini, na kufikia katikati ya miaka ya 1990, intaneti ilipofika, ilikuwa imebaki kumbukumbu tu. Mwaka 2003 nchi ikapata sera yake ya kwanza ya TEHAMA. Wakati huo huko nje tawi jingine la historia hii lilikuwa limekomaa: lugha za kuandikia programu zilikuwa zimejifunza kuchuja orodha zenyewe, bila jedwali. Lisp ya John McCarthy, iliyobuniwa mwaka 1958, ilikuwa imejengwa yote juu ya orodha. Katika miaka ya 1980 Mwingereza David Turner, kwenye lugha zake za KRC na Miranda, aliyachukua maandishi ya Zermelo na wenzake karibu kama yalivyo, kundi na sharti ndani ya mabano, akayafanya kuwa amri inayotekelezeka. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeanza kutengeneza Python wakati wa mapumziko ya Krismasi ya 1989, aliipokea namna hiyo ya uandishi katika toleo la 2.0, lililotoka Oktoba 2000. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo anayeandika kwa Python "kila mtumishi katika orodha, ikiwa cheki namba yake (namba ya malipo ya mtumishi) imo kwenye orodha ya wastaafu" anatumia sarufi yenye zaidi ya miaka mia moja.

Sarufi hiyo ilifika Iringa kwa njia ya Wafini. Chuo Kikuu Kishiriki cha Iringa cha Tumaini, kilichoanzishwa na Walutheri katika miaka ya 1990 na kuwa Chuo Kikuu cha Iringa mwaka 2013, kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Mwaka 2004 Mdenishi Henrik Hautop Lund na Mfini Mikko Vesisenaho waliandika juu ya majaribio ya I-BLOCKS, matofali ya plastiki yenye kichakataji kidogo ndani, ambayo mtu huyapanga kwa mikono na mpangilio huo wenyewe ukawa programu. Mwaka 2007 chuo kikaanza shahada ya kwanza ya TEHAMA. Matti Tedre, aliyefundisha hapo kwa miaka kadhaa, aliandika mwaka 2009 pamoja na Nicholas Bangu na Seth Nyagava makala yenye hoja ambayo bado ina uzito: mitaala ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya vyuo vya Marekani inadhani kwamba umeme upo, mtandao upo na fundi yupo. Mhitimu wa Iringa ndiye huyo fundi. Ndiye atakayenunua vifaa, kuunganisha nyaya na kuandika programu, halafu ataitwa usiku mashine ikizima.

Yeyote aliyemfundisha kijana kuandika programu anajua zoezi la kwanza la kuchuja linavyokwenda kombo. Anapewa orodha ya majina na kuambiwa aondoe yasiyofaa. Anafanya kama angefanya ukutani: anashusha kidole, akikuta jina baya analifuta, anaendelea. Ikiwa la tatu na la nne yote ni mabaya, akilifuta la tatu, la nne hupanda na kukaa nafasi ya tatu. Kidole tayari kimeshasogea kwenye nafasi ya nne. Jina baya la pili limeruka mtego, na programu haikulalamika hata kidogo. Ndiyo maana lugha nzuri hazifuti. Hujenga orodha mpya ya waliofaulu sharti na kuiacha ya zamani kama ilivyokuwa, ili kesho mtu akiuliza kwa nini fulani hayumo, pawe na pa kurudi. Python toleo la 3, la Desemba 2008, lilikwenda mbali zaidi: amri yake ya kuchuja haimgusi mtu yeyote mpaka pale unapomhitaji, mmoja mmoja.

Mambo haya yalitoka darasani na kuingia magazetini tarehe 18 Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa. Watahiniwa 240,903 walipata daraja sifuri, zaidi ya nusu. Nchi ilitikisika. Zilisemwa sababu nyingi za kweli: walimu wachache, maabara tupu, vitabu. Lakini mwezi Mei serikali iliyafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya, kwa maelezo kwamba Baraza la Mitihani lilikuwa limetumia viwango vipya vya alama tofauti na vya miaka iliyotangulia. Hakuna mtoto aliyerudia mtihani. Karatasi zilikuwa zilezile, maksi zilezile. Sharti ndilo lililobadilika, na maelfu ya vijana waliolala wakiwa wamefeli wakaamka wamefaulu, kiwango cha ufaulu kikafika asilimia 43.08. Katibu Mtendaji wa Baraza wakati huo alikuwa Dkt. Joyce Ndalichako. Jina lake litarudi mbele.

Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya Nyanda za Juu Kusini. Februari 2015 uandikishaji wa wapiga kura kwa alama za vidole, BVR, ulizinduliwa Makambako, mji wa mkoa wa Njombe, ambao hadi 2012 ulikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa. Kabla ya hapo daftari lilitegemea majina, na majina yetu ni mtihani kwa mashine. Mtu anaitwa Kalinga, karani mmoja akaandika Kalinga, mwingine Karinga. Kwa kompyuta hao ni watu wawili. Wamarekani walijaribu kulitatua tatizo hili zamani. Mwaka 1918 Robert Russell wa Pittsburgh alisajili mbinu iliyokuja kuitwa Soundex, inayolipa kila jina msimbo kwa jinsi linavyosikika ili majina yanayofanana yaangukie pamoja. Katika Soundex inayotumika hadi leo, Kalinga anapata K452 na Karinga anapata K652. Sikio lililoitunga lilikuwa la Kiingereza, na kwa sikio hilo L na R haziwezi kuchanganywa. Aliyewahi kuketi daladalani akisikiliza watu wa Mbeya na Iringa wakipiga soga anajua kwamba zinachanganywa.

Vidole havina herufi, lakini vina tatizo lake. Daftari la 2015 liliishia na watu zaidi ya milioni 23. Ili kujua kama kuna aliyejiandikisha mara mbili, lazima kila mmoja alinganishwe na kila mwingine, na watu milioni 23 wanatoa jozi zipatazo trilioni 264. Hakuna anayezipitia zote kwa undani. Huchujwa kwanza kwa umbo la alama, mzunguko, kitanzi au tao, ili kidole kilinganishwe kwa makini na vile tu vinavyokikaribia. Mbinu hiyo ya kugawa kwanza iliundwa India ya wakoloni mwishoni mwa karne ya 19, na ingawa ina jina la Mwingereza Edward Henry, hesabu zake zilifanywa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Ilikuwa na mafungu 1,024. Chujio ndani ya chujio, kama wale makarani wa kadi na mitumba yao.

Kisha ikaja 2016. Tarehe 15 Machi, akiwaapisha wakuu wa mikoa, Rais John Magufuli aliwapa siku 15 wawaondoe watumishi hewa kwenye orodha za mishahara. Watumishi hewa walikuwa waliofariki, waliostaafu, walioacha kazi, na wengine ambao hawakuwahi kuwapo, wote wakiendelea kulipwa. Serikali tayari ilikuwa na mfumo wa kompyuta wa utumishi, ule ambao maofisa utumishi wanauita Lawson, na kila mtumishi alikuwa na cheki namba. Kwa hiyo orodha ilikuwepo. Kilichokosekana ni orodha ya pili ya kuilinganisha nayo, yaani watu halisi walio kazini leo, na hiyo haikuwa kwenye kompyuta yoyote. Ikabidi watumishi waitwe, wapange foleni na vitambulisho vyao, wahesabiwe kama wanafunzi gwaride la asubuhi. Miaka 51 baada ya ICT 1500, kazi iliishia kwenye kuita majina.

Mikoa ikaleta idadi zake. Shinyanga ikaleta sifuri. Mkuu wa mkoa, Anne Kilango Malecela, aliyekuwa ameteuliwa mwezi mmoja tu kabla, aliripoti kwamba mkoa wake hauna hata mtumishi hewa mmoja. Rais akatuma watu wake wakahakiki, wakakuta 45, na tarehe 11 Aprili akamwondoa kazini. Tukio hilo lilizungumzwa sana kisiasa. Mimi huliangalia kwa jicho la fundi. Chujio linaporudisha orodha tupu, kuna mambo mawili yanayoweza kuwa yametokea: kweli hakuna anayetimiza sharti, au sharti limeandikwa vibaya kiasi kwamba haliwezi kumpata yeyote. Orodha tupu haikuambii ni lipi. Kwenye skrini mambo hayo mawili yanafanana, mabano mawili yasiyo na kitu katikati. Fundi mwenye busara hulipima chujio lake kwanza kwa kumweka mtu mmoja hewa anayemjua, aone kama litamnasa. Mkuu wa mkoa alisoma taarifa aliyoletewa.

Zoezi lililofuata lilikuwa kubwa zaidi. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Waziri Angellah Kairuki alimkabidhi Rais taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu vilikuwa vimelinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watu 3,076, cheti kimoja watu wawili, kila mmoja akidai ndiye mwenyewe. Wengine 11,596 walikuwa na vyeti pungufu. Rais aliagiza wenye vyeti vya kughushi waondoke wenyewe kabla ya tarehe 15 Mei, la sivyo sheria ichukue mkondo wake.

Tazama mafungu hayo. Waliohakiki hawakutoa ndiyo na hapana pekee. Walitoa pia fungu la utata na fungu la upungufu, ambalo ndilo mfuko wa 13 wa mashine za kadi. Hapo walifanya kazi kwa uadilifu zaidi kuliko programu nyingi ninazozijua. Ila orodha ilipotoka Dodoma na kushuka kwenye halmashauri, mtumishi alikumbana nayo kwa sura moja tu: mshahara umeingia au haujaingia.

Na kulikuwa na kundi jingine lililoondolewa ambalo halikughushi chochote. Madereva, walinzi, wahudumu wa ofisi, watendaji wa vijiji na mitaa walioishia darasa la saba walitakiwa kuonyesha cheti cha kidato cha nne wasichokuwa nacho. Waraka wa serikali wa mwaka 2004 ndio ulioifanya elimu ya kidato cha nne kuwa kiwango cha chini cha kuajiriwa. Wengi wao walikuwa wameingia kazini kabla ya waraka huo kuandikwa. Sharti lililoandikwa mwaka 2004 lilikuwa limepitishwa juu ya orodha iliyoanza zamani sana kabla yake, na halikuwa na kipande kinachosema limeanza kutumika lini.

Mwaka 2018 kipande hicho kikaongezwa. Waziri George Mkuchika, aliyekuwa na dhamana ya utumishi, alitangaza kwamba watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warejeshwe kazini, isipokuwa waliokuwa wamewasilisha vyeti vya kughushi. Kwa mwandishi wa programu hayo ni masharti mawili yaliyounganishwa kwa "na": ameajiriwa kabla ya tarehe hiyo, na hakughushi. Vijana hupotea hapa. Ukiwaambia waandike orodha ya wasiorudishwa, wengi huandika: ameajiriwa tarehe hiyo au baadaye, na alighushi. Makosa. Kinyume cha "na" ni "au". Anayebaki nje ni aliyekosa walau sharti moja. Augustus De Morgan aliiandika kanuni hiyo katika karne ya 19, na kwa ofisa utumishi wa 2018 tofauti ya maneno hayo mawili ilikuwa familia nzima za watu. Dereva wa mwaka 1998 aliyenunua cheti bandia baadaye kwa hofu ya waraka alibaki nje. Mwenzake wa mwaka 1998 aliyekaa bila cheti chochote alirudi.

Ni uamuzi mgumu, na naona ulikuwa sahihi kimantiki. Lakini lazima tukubali kwamba ulimwadhibu yule aliyeogopa zaidi.

Wale wa vyeti vya kughushi walikaa nje miaka mitano bila kiinua mgongo. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka 20 na zaidi, na kila mwezi makato ya hifadhi ya jamii yalikuwa yamekatwa kwenye mishahara yao, halali au isiyo halali. Chini ya Rais Samia Suluhu Hassan serikali ikaamua fedha hizo zirudishwe. Aliyelitangaza jambo hilo Oktoba 2022 alikuwa Profesa Joyce Ndalichako, sasa akiwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu anayeshughulikia kazi na ajira, yuleyule aliyekuwa Baraza la Mitihani mwaka ambao alama zilipangwa upya. Malipo yangeanza kushughulikiwa tarehe 1 Novemba. Walioondolewa wakatakiwa kurudi kwa waajiri wao wa zamani, na vitambulisho na vielelezo vyao, ili majina yao yahakikiwe. Orodha ya waliotupwa ikawa sasa ndiyo orodha ya kuanzia, na ikawekewa masharti yake mapya.

Safari hii chujio lilipita pia kwenye safu, siyo kwenye mistari peke yake. Kila mwezi wa kila mtumishi ulikuwa na viwango viwili: alichokatwa yeye, na alichochangia mwajiri juu yake. Kwenye mfuko wa watumishi wa umma, PSSSF, mwanachama hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 15. Kwenye mfuko mwingine wa hifadhi ya jamii, NSSF, kila upande hutoa asilimia 10. Serikali ilisema kitakachorudishwa ni kile alichokatwa mtumishi mwenyewe. Safu ya mwajiri ikaachwa.